Kulipa Deni Huku Ukiweka Arubuni ya Nyumba

Nyumba ya kambini si mali ya askari. Ni mali ya kazi yake. Siku kazi hiyo inapokoma, iwe kwa kustaafu, kwa kuachishwa, au kwa msiba ambao hakuna mke wa askari apendaye kuutaja, nyumba hurudi Serikalini na familia hutakiwa kufunga mizigo. Waliokulia katika kambi za Uganda wanavijua vibanda vya mviringo vya bati viitwavyo uniporti, na vile vidogo zaidi ambavyo wakaaji wenyewe walivipa jina la "mama ingia pole" kwa udogo wake. Mtu aweza kulea watoto wanne humo kwa miaka ishirini, akapanda mpapai mlangoni, akazoeana na majirani hata wakawa ndugu, na bado kibanda kile kisiwe chake hata bati moja.

Wengi hujifariji kwa kiinua mgongo. Husema kwamba kitakapolipwa ndipo watakapojenga. Fedha hizo ni haki ya askari, wala hatusemi vinginevyo. Lakini mtu aliyekwisha kuzeeka, mwenye watoto shuleni na asiye na pa kulala, huzipokea fedha hizo akiwa na haraka, na mwenye haraka aghalabu hauziwi kwa bei nzuri. Ni afadhali kiinua mgongo kimkute mtu akipiga lipu na kuweka madirisha katika nyumba yake, kuliko kumkuta akitafuta kiwanja.

Basi ipo familia inayotaka kuanza mapema, angali baba yuko kazini na nguvu zipo. Imepata habari ya kiwanja, imeambiwa kiasi cha arubuni kinachotakiwa, na imeazimia kuweka akiba. Kikwazo ni kwamba nyumba hiyo hiyo inadaiwa. Mshahara ni mmoja, nao unavutwa na watu wawili: anayedai jana yake na anayeuza kesho yake. Aanze kulipwa yupi?

Wazee wana majibu mawili. Mmoja atasema dawa ya deni ni kulipa. Mwingine atasema haba na haba hujaza kibaba. Yote mawili ni kweli, lakini hayamsaidii mama aliyeshika noti mkononi mwisho wa mwezi na hajui aziweke wapi. Jibu lenyewe halimo katika methali bali katika hesabu, nalo hutegemea jambo moja: bei ya deni.

Deni lina bei

Tumezoea kuulizana, "Unadaiwa kiasi gani?" Swali hilo ni nusu ya swali. Nusu ya pili ni, "Deni hilo linakugharimu kiasi gani kila mwezi?" Mtu anayedaiwa shilingi 400,000 na shemeji yake bila riba, na mtu anayedaiwa kiasi hicho hicho na mkopeshaji wa mtaani kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, hawako katika hali moja hata kidogo. Wa kwanza ana deni la heshima. Wa pili ana mpangaji asiyeonekana, anayekula shilingi 40,000 kila mwezi katika sufuria ya watoto wake.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukaa chini, mume na mke pamoja, na daftari la shule, mkaandika kila deni: la dukani, la ndugu, la chama cha akiba na mikopo, la simu ya mkononi, la mkopeshaji. Mbele ya kila deni andikeni riba yake kwa mwezi. Tunasema mume na mke kwa makusudi. Yapo madeni ambayo baba hayajui, na yapo ambayo mama hayajui, na hesabu iliyofichwa nusu haiwezi kutoa jibu la kweli. Jioni hiyo huenda ikawa na maneno makali. Hata hivyo ni afadhali maneno ya jioni moja kuliko kugundua, siku ya kulipa arubuni, kwamba mshahara wa miezi minne ijayo umekwisha kuahidiwa mtu mwingine.

Sasa tuchukue mfano. Tarakimu hizi ni za kutungwa ili kuonyesha njia, na kila nyumba itaweka zake. Koplo mmoja na mkewe, baada ya chakula, karo, nauli na mahitaji mengine, wanabakiwa na shilingi 300,000 kila mwezi, pamoja na faida ndogo ya mama anayeshona nguo. Wanadaiwa shilingi 1,500,000 na mkopeshaji wa mtaani kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Wanatamani kiwanja.

Wakifuata moyo, watalipa riba tu, shilingi 150,000, na shilingi 150,000 zinazobaki wataziweka kwa ajili ya kiwanja. Mwisho wa mwaka watahesabu akiba yao na kukuta shilingi 1,800,000. Watafurahi. Lakini katika mwaka huo huo wamemlipa mkopeshaji shilingi 1,800,000 za riba, na deni lenyewe la shilingi 1,500,000 halijapungua hata senti. Ukiondoa deni katika akiba, mali yao halisi ni shilingi 300,000 baada ya kujinyima kwa miezi kumi na miwili. Hivi ndivyo familia nyingi zenye bidii zinavyofanya kazi kama punda anayezunguka kinu.

Wakibadili mwendo, wakatoa shilingi zote 300,000 kwa mkopeshaji kila mwezi, riba hupungua kadiri deni linavyopungua. Mwezi wa kwanza riba ni 150,000. Mwezi wa pili ni 135,000. Mwezi wa tano ni kama 80,000. Katika mwezi wa nane deni hufa. Riba yote waliyolipa ni takriban shilingi 685,000. Kuanzia hapo fedha zote ni zao, na mwaka unapokwisha wana shilingi 1,415,000 mkononi na hawadaiwi na mtu. Akiba yao ni ndogo kuliko ya njia ya kwanza ukiitazama kwa macho, lakini wako mbele kwa zaidi ya shilingi milioni moja.

Hapa wako watakaosema: basi tusiweke akiba hata kidogo mpaka deni liishe. Hatukubaliani nao kabisa. Nyumba isiyo na hata shilingi moja ya dharura huumizwa na malaria ya mtoto mmoja. Usiku huo huo baba hurudi kwa mkopeshaji yule yule, na kazi ya miezi mitatu huharibika. Kama familia yetu ya mfano ingetenga shilingi 20,000 tu kila mwezi katika sanduku la dharura na kulipa 280,000 kwa mkopeshaji, deni lingeisha mwanzoni mwa mwezi wa tisa badala ya ndani ya mwezi wa nane. Gharama ya tahadhari hiyo ni kama shilingi 70,000 za riba ya ziada kwa muda wote. Hiyo ni bei nafuu ya kununua usingizi.

Kadi ya benki si dhamana

Kabla hatujaendelea, tuseme wazi juu ya wakopeshaji wenyewe, maana wengi wao hukaa karibu na malango ya kambi kwa sababu wanajua tarehe ya mshahara kuliko wake zetu.

Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inayohusu taasisi ndogo za fedha na wakopeshaji humtaka mkopeshaji awe na leseni. Humkataza pia kuchukua kitambulisho cha taifa, pasipoti, au kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri kuwa dhamana ya mkopo. Tena mwaka 2024 Waziri wa Fedha aliweka kikomo cha riba ya wakopeshaji hao kuwa asilimia 2.8 kwa mwezi. Anayetoza asilimia 10, kama yule wa mfano wetu, amekipita kikomo hicho zaidi ya mara tatu. Askari aliyempa mkopeshaji kadi yake na namba ya siri amempa mtu mwingine mshahara wake mzima, naye hungoja apewe kilichobaki. Mtu wa namna hiyo hawezi kupanga arubuni, kwa kuwa hata chakula hakipangi yeye.

Jambo la kufanya ni kumwendea mkopeshaji kwa utulivu, bila bunduki na bila matusi, kudai kadi irudi, na kudai karatasi inayoonyesha kiasi kilichokopwa, kilicholipwa na kilichobaki. Kila malipo yawe na stakabadhi. Mwulizeni pia kama anakubali kupokea sehemu ya mtaji pamoja na riba, kwa sababu wapo wanaokataa kwa hila: hutaka riba iendelee kuja na mtaji ubaki mzima. Akikataa, kusanyeni fedha hizo mahali pengine mpaka zitoshe kumaliza deni kwa mkupuo, na someni mkataba kwa makini. Wapo wakopeshaji wanaomtia mkopaji saini kwenye karatasi inayosema kwamba ameuza shamba lake, badala ya karatasi inayosema kwamba amekopa. Karatasi ya lugha usiyoisoma vizuri isomewe na mtu unayemwamini kabla ya kalamu kushikwa.

Kuhamisha deni

Njia tulizoeleza ni za kulipa kwanza na kuweka baadaye. Je, hakuna njia ya kufanya yote mawili kwa pamoja? Ipo, nayo ni kulifanya deni liwe rahisi.

Askari wa UPDF wana Wazalendo SACCO. Polisi wana Exodus SACCO. Na vyombo vingine vina vyama vyao vya akiba na mikopo. Mchango hukatwa kwenye mshahara kabla haujamfikia mwenyewe, na mkopo hulipwa kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo maana chama huweza kukopesha kwa riba iliyo chini sana kuliko ya mtaani: hakina haja ya kumfukuzia mkopaji.

Tuseme koplo wetu anapata chamani mkopo wa shilingi 1,500,000 kwa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, kwa muda wa miezi 12. Anamlipa mkopeshaji wote mara moja. Sasa kila mwezi atakatwa kama shilingi 137,500. Riba ya mwaka mzima itakuwa takriban shilingi 150,000. Msomaji aiangalie tarakimu hiyo vizuri: ni riba ile ile aliyokuwa akimlipa mkopeshaji kwa mwezi mmoja.

Katika shilingi 300,000 za kila mwezi zinabaki shilingi 162,500, nazo zinaweza kwenda kwenye akiba ya kiwanja tangu mwezi wa kwanza. Mwaka unapokwisha, deni limekwisha na akiba ni shilingi 1,950,000. Hakuna njia nyingine kati ya zile tulizozitaja iliyofika hapo. Kwa hiyo tunaweza kusema hivi: deni lenye riba kali huwezi kulilipa polepole huku ukiweka akiba, kwa sababu linakula akiba hiyo usiku unapolala. Deni rahisi unaweza kwenda nalo bega kwa bega.

Lakini ulizeni maswali kabla ya kutia saini. Riba inahesabiwa juu ya salio linalopungua au juu ya mkopo mzima tangu mwanzo hata mwisho? Kwa mkopo ule ule, asilimia 1.5 inayohesabiwa juu ya mkopo mzima huzaa riba ya shilingi 270,000 kwa mwaka, si 150,000. Kuna ada ya maombi na bima? Je, ukilipa mapema unatozwa faini? Mhasibu wa chama hulipwa ili ayajibu maswali hayo, na mwanachama asione haya kuuliza mara mbili.

Ipo hatari moja katika kuhamisha deni, nayo tunaiogopa kuliko zote. Mtu akishalipa deni la mtaani kwa mkopo wa chama, mlango wa mkopeshaji hubaki wazi, tena mkopeshaji humpenda zaidi kwa kuwa sasa amejulikana kuwa mlipaji. Akirudi huko hata mara moja, atakuwa na madeni mawili mahali palipokuwa na moja. Mwenye kuhamisha deni na afunge mlango ule nyuma yake.

Kadhalika jihadharini na udhamini. Rafiki wa kikosi akikuomba umdhamini chamani, anakuomba uchukue deni lake iwapo yeye atashindwa. Ukubali kwa yule tu ambaye ungekuwa tayari kumlipia. Na mtu anayekusanya arubuni ana haki ya kusema "mwaka huu siwezi" bila urafiki kuvunjika.

Wengine huona akiba yao ya chamani imejaa kidogo, wakatamani kujitoa uanachama ili waichukue na kulipa madeni. Vyama vingi vya aina hii hupima ukubwa wa mkopo kwa akiba ya mwanachama, hivyo anayejitoa amekata ngazi ambayo angeipandia baadaye anaponunua mabati. Tunashauri akiba hiyo iachwe ikue, hata kama ni kidogo.

Vipi kuhusu deni la dukani na deni la ndugu? Hayana riba, kwa hiyo katika hesabu hukaa nyuma. Katika utu hayakai nyuma. Mwenye duka wa kambini naye hununua sukari kwa fedha taslimu, na akiona mteja wake anasifiwa kwamba ananunua kiwanja ilhali daftari lake halijafutwa, atasema, tena atasema kwa sauti. Mwendeeni mapema mkapatane kiasi kidogo cha kila mwezi, na kisikosekane. Shemeji naye aelezwe mpango. Ndugu wengi huweza kungoja mwaka mmoja wakijua wanangoja nini. Kinachowaudhi ni kimya.

Fedha za arubuni zikae wapi

Zisikae ndani ya nyumba. Uniporti haina siri, na fedha zilizo chini ya godoro husikia kila shida inayobisha hodi. Wala zisikae katika simu ambayo baba huitumia kununulia muda wa maongezi. Chama kinaweza kuwa na akaunti ya akiba ya muda maalumu. Benki nazo zinazo. Akina mama wengi wa kambini wanavyo vikundi vyao vya akiba vyenye sanduku la kufuli tatu, funguo zikiwa kwa watu watatu tofauti, na mgawo ukifanywa mwisho wa mwaka. Vikundi hivyo ni vyema kwa fedha za dharura na za biashara ndogo. Kwa arubuni nzima tungependelea mahali penye kumbukumbu za maandishi, kwa kuwa kikundi huweza kuvunjika watu wanapohamishwa, na askari huhamishwa.

Zipo pia fedha zinazokuja kwa mkupuo. Tangu Machi 2007, Uganda ilipopeleka askari wake Somalia chini ya Umoja wa Afrika, familia nyingi za askari zimezijua posho za misheni. Nyumba kadhaa nzuri zimesimama kwa posho hizo. Nyingine zilizotarajiwa hazikusimama, kwa sababu posho ilipofika ilikuwa imekwisha kuliwa: mkopeshaji alisikia habari za safari kabla ya mke, akakopesha juu ya safari hiyo, kochi kubwa lilinunuliwa, likakataa kupita mlangoni. Anayesafiri na aache mpango ulioandikwa, wenye saini za wote wawili: kwanza deni kali life lote kwa siku moja, kisha dharura ya miezi mitatu, na kilichobaki chote kiende kwenye arubuni. Mama anayebaki asiulizwe kwa simu kila juma fedha ziko wapi. Aoneshe stakabadhi baba anaporudi.

Arubuni ndogo yaweza kuwa mtego

Sasa tufike kwenye kiwanja. Wauzaji hutangaza arubuni ndogo ili wavute watu. Lakini arubuni ni mlango tu. Baada yake kuna ukumbi wa malipo ya kila mwezi, nao ndio mrefu.

Tuseme kiwanja cha futi 50 kwa 100 kinauzwa shilingi 12,000,000, arubuni ni asilimia 30, na salio hulipwa kwa miezi 24. Arubuni ni shilingi 3,600,000. Salio ni shilingi 8,400,000, yaani shilingi 350,000 kila mwezi. Familia yetu ina uwezo wa shilingi 300,000. Kwa hiyo wakikimbilia arubuni hiyo mara wanapoifikisha, watakwama tangu mwezi wa kwanza, watakopa ili kuziba pengo, na huenda mkataba ukawa umeandikwa kwamba anayechelewa hupoteza alichokwisha kulipa. Kwao ni heri wangoje wafikishe shilingi 6,000,000, ili salio liwe shilingi 250,000 kwa mwezi na wabaki na pumzi ya shilingi 50,000. Kwa akiba ya shilingi 1,950,000 ya mwaka wa kwanza, kisha shilingi 300,000 kila mwezi bila deni, watafika hapo baada ya miaka miwili na miezi miwili hivi. Ni muda mrefu. Lakini tangu siku ya kwanza watakuwa wanalipa bila kutetemeka. Au watafute kiwanja cha bei ndogo zaidi, mbali kidogo na barabara ya lami. Nyumba ya kwanza si lazima iwe karibu na mji. Ni lazima iwe yako.

Na iwe yako kweli. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 hutambua aina nne za umiliki wa ardhi: mailo, milki huru, ya kukodi kwa muda, na ya kimila. Buganda, mtu anayekuuzia "kiwanja" huenda anakuuzia kibanja, yaani haki ya kukaa juu ya ardhi ya mailo ya mtu mwingine, ambaye hulipwa busuulu kila mwaka. Kununua kibanja si kosa. Kosa ni kukinunua kwa bei ya ardhi yenye hati, au bila mwenye ardhi kujua, kwani Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 humtaka mwenye kibanja anayetaka kuuza ampe kwanza mwenye ardhi nafasi ya kukichukua. Barua ya mwenyekiti wa LC ni ushahidi mwema, lakini si hati ya ardhi. Ikiwa muuzaji anaonyesha hati, chukueni namba zake mwende ofisi ya ardhi ya eneo hilo mkafanye upekuzi, ili mjue jina lililoandikwa ni la nani, na kama ardhi imewekwa rehani au ina zuio. Ada ya upekuzi ni ndogo ukilinganisha na arubuni iliyopotea.

Ulizeni pia kuhusu mke au mume wa muuzaji. Sheria hairuhusu ardhi ambayo familia inakaa au inaitegemea iuzwe bila ridhaa ya mwenzi. Muuzaji akisema mkewe "hana neno" lakini hataki aje kutia saini, ondokeni. Nasi kwa upande wetu tunashauri majina mawili, la baba na la mama, yaandikwe kwenye mkataba wa ununuzi tangu siku ya arubuni. Baba wengine watanuna kwa shauri hili. Wawatazame wajane wanaotoka kambini na vitanda juu ya lori, kisha waamue.

Neno fupi juu ya mkopo wa nyumba wa benki. Benki kama Housing Finance, iliyoanzishwa mwaka 1967, hukopesha kwa miaka mingi, nazo hutaka mnunuzi aweke sehemu yake kwanza. Benki huangalia karatasi ya mshahara: makato yakiwa yameijaza, maombi hukwama hata kama arubuni ipo. Hiyo ni sababu nyingine ya kuua madeni kabla. Na anayechukua mkopo huo ajue kwamba nyumba yenyewe ndiyo rehani. Sheria ya Rehani ya mwaka 2009 hudai ridhaa ya mwenzi nyumba ya familia inapowekwa rehani, na anayeshindwa kulipa hupewa notisi ya siku 45 za kazi kurekebisha. Siku hizo hupita upesi kwa askari aliye mpakani. Kwa mtu wa cheo cha chini, kununua kiwanja kwanza na kujenga chumba baada ya chumba bado ndiyo njia inayolingana na mfuko wake.

Siku arubuni itakapolipwa, ilipwe kwa benki, isilipwe kwa fedha mkononi, na mkataba uandikwe mbele ya wakili, ukitaja bei, kiasi kilicholipwa, tarehe za salio, mipaka ya kiwanja na majina ya majirani wa pande zote. Askari wa leo yuko Arua, kesho ameamriwa Moroto, na begi lake huenda likabaki njiani. Kwa hiyo mkataba na stakabadhi vitolewe nakala tatu: moja kwa mama, moja kwa wakili, na moja kwa ndugu mmoja anayeaminika asiyekaa kambini, pamoja na karatasi ya chama au ya mkopeshaji inayothibitisha kwamba deni la zamani limekwisha lipwa.